Maswali ya Wasomaji: Mzaha Unaorudi na Mtoto Asiyekua

Safu hii hupokea maswali kuhusu uandishi na sanaa za maonyesho. Barua tulizozichagua safari hii zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na zote zinahusu katuni za vichekesho vya familia, yaani zile ambazo baba, mama na watoto walewale hukutana katika nyumba ileile na kila mara huingia katika mkasa mpya.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi ni vijana wa Shangani, Mtwara Mjini, tunaochora katuni fupi kwa kompyuta moja tunayoitumia kwa zamu. Hadithi yetu ni ya familia ya Mikindani ambayo baba yake, kila msimu wa korosho unapokaribia, hutangaza kwamba mwaka huu anaondoa makuti na kuezeka bati. Kauli hiyo tumeirudia katika kila sehemu. Watu walicheka mara ya kwanza na ya pili, kisha wakanyamaza. Mbona The Simpsons, ile katuni ya familia ya Kimarekani, wanarudia mambo yaleyale kwa zaidi ya miaka 30 na watazamaji hawachoki?

JIBU: Marahaba, wanangu, na hongereni kwa kuanza na familia mnayoijua. Tazameni kwa makini ni kitu gani hasa kinachorudiwa katika katuni hiyo. Katika utangulizi wake wa kawaida, Bart, mtoto wa kiume wa familia hiyo, huonekana darasani akiandika ubaoni sentensi ya adhabu, kisha watu wote watano wa nyumba ile wanakimbilia kochi ili watazame televisheni. Sentensi ya ubaoni hubadilika, na kinachotokea kwenye kochi hubadilika pia. Katika sehemu moja ya mwaka 1992 walifika sebuleni wakakuta kochi limekwisha kukaliwa na familia ya The Flintstones, ambayo ni katuni ya zamani kuliko yao. Mtazamaji anajua kwamba wanakwenda kukaa, na raha yake yote ni kusubiri aone safari hii watakwama kwa namna gani. Wimbo wa ndani ya ngano hufanya kazi iyo hiyo: maneno yake hayabadiliki, ila kila unaporudi zimwi limesogea hatua moja, na wasikilizaji wanaoitikia wanauimba wakiwa na hofu kubwa kuliko mara iliyotangulia. Ndiyo maana mimi huuita mzaha wa aina hii kibwagizo.

Ipo pia sababu ya kiufundi ambayo watazamaji wengi hawaifikirii. Kila sehemu ni lazima ijaze muda uleule wa matangazo, kwa hiyo kichekesho cha kochi hurefushwa hadithi inapokuwa fupi na hukatwa inapokuwa ndefu. Upungufu huohuo wa muda ndio uliozaa kibwagizo ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1993, sehemu iitwayo Cape Feare ilionekana kuwa fupi mno, na waandishi wakamfanya Sideshow Bob, mhalifu msomi mwenye majivuno mengi, akanyage reki, mpini umpige usoni, ageuke, akanyage nyingine, na kuendelea hivyo hadi mara 9. Mara ya pili inachekesha, mara ya nne inaanza kukera, na kufikia mara ya saba kicheko kinarudi kikiwa kikubwa zaidi, kwa sababu sasa tunawacheka hata waandishi kwa ukaidi wao. Lakini msiige jambo hilo kabla ya kuona linasimama juu ya nini. Bob anachekesha kwa sababu anajiona bora kuliko kila mtu, na kila reki inampunguzia kimo. Mtu mnyonge akikanyaga reki hizohizo, kufikia ya tatu watazamaji watakuwa wanamhurumia.

Sasa twende Mikindani. Kasoro ya baba yenu ni kwamba kauli yake hutoka katika kinywa kilekile, kwa namna ileile, wala hakuna mtu ndani ya hadithi anayepata faida au hasara kwa kuisikia. Katika sehemu ya tatu, mwacheni mama aitamke kabla baba hajafungua mdomo, kwa sauti ya baba. Katika ya nne, fundi aliyesikia habari hizo mtaani afike na tepu ya kupimia, apande juu ya makuti, na baba aone haya kumteremsha. Katika ya tano, mnada umefanyika, malipo yameingia, nyumba nzima imekaa ikimtazama baba, naye anaomba chumvi tu na kuendelea kula. Kimya hicho kitachekesha kuliko sentensi yoyote mtakayoandika, kwa kuwa watazamaji wenyewe ndio watakaoijaza. Hatimaye bati zinunuliwe kweli, lakini ziishie kuezeka banda la mbuzi kwa sababu ambayo ndani ya hadithi ni ya haki kabisa.

Zaidi ya hayo, amueni kwa nini baba huyu hajaezeka. Ikiwa ni mvivu tu, kibwagizo chenu kitakufa mapema. Ikiwa kila msimu fedha zake huchukuliwa na jambo ambalo mtu muungwana hawezi kulikataa, kama ada ya mtoto wa marehemu kaka yake, jeneza la jirani, au harusi ambayo yeye mwenyewe alijitangaza kuwa mwenyekiti wa kamati yake, basi kila anapozitaja bati mtazamaji atacheka huku akimpenda. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ugumu wote wa kazi hii, na kuchora ni sehemu iliyo nyepesi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Masasi. Tunawafundisha wanafunzi kwamba mhusika duara hubadilika kadiri hadithi inavyoendelea, na kwamba mhusika bapa hubaki alivyo. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kwa nini Bart Simpson bado ana miaka 10, na kama hiyo ni kasoro ya uandishi. Nimjibu nini?

JIBU: Mwalimu, mwambie kwamba swali lake ni zuri, na kwamba jibu ni hapana. Familia hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika vipande vifupi ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman, na ikapata kipindi chake chenyewe tarehe 17 Desemba 1989. Tangu hapo Bart ana miaka 10, dada yake Lisa ana miaka 8, na Maggie hajaacha kunyonya chuchu bandia. Nyumba inaweza kuungua jioni, na sehemu inayofuata ikaanza ikiwa imesimama palepale, haina hata harufu ya moshi.

Uhuru wa waandishi unatokana na jambo hilohilo. Kwa kuwa hakuna kinachobaki, baba anaweza kupewa kazi mpya kila mara, akaiharibu, akarudi kwenye mtambo wake wa nyuklia, na mtazamaji aliyekosa nusu ya mwaka anaweza kuketi leo akaelewa kila kitu. Abunuwasi naye haachi kisa kimoja kimtie makovu ya kuingia nayo katika kingine, wala hatujawahi kuuliza ana umri gani. Katika sehemu za kutisha zinazoitwa Treehouse of Horror, zilizoanza Oktoba 1990, waandishi wamekwenda mbali zaidi: humo hata watu wa familia huuawa, kwa sababu inafahamika kwamba visa hivyo haviingii katika hesabu ya maisha yao.

Hata hivyo, muda ukisimama kwa wahusika hausimami kwa watazamaji, na mgongano huo umekuwa chanzo cha vichekesho vyenyewe. Sehemu moja ya mwaka 1991 ilituonyesha Homer na Marge, baba na mama yake Bart, wakiwa wanafunzi wa sekondari mwaka 1974. Sehemu nyingine ya mwaka 2008 ikawaonyesha wakiwa vijana wasio na watoto katika miaka ya 1990, miaka ambayo sisi tulikuwa tukimtazama Bart akisoma darasa la nne. Baadhi ya watazamaji walikasirika. Mimi niliona ni ujasiri. Na mwanafunzi wako asifikiri kwamba hakuna kinachobadilika kabisa. Maude Flanders, mke wa jirani yao, alifariki ndani ya hadithi mwaka 2000 na hakurudi, na mwalimu Edna Krabappel aliondolewa baada ya Marcia Wallace, mwigizaji wa sauti yake, kufariki dunia Oktoba 2013. Mabadiliko machache namna hiyo huuma zaidi kwa sababu mengine yote yamekuwa yakifutwa.

Kuhusu bapa na duara, ningemjibu kwamba umri ni jambo moja na utu ni jambo jingine. Lisa hajaongeza hata mwaka mmoja, lakini ndani ya sehemu moja tu anaweza kuanza akiwa na msimamo, akausaliti, akauonea aibu usaliti wake, kisha akaufuta usaliti huo kwa gharama. Safari hiyo ni ya mhusika duara, ila huanza upya kila mara.

SWALI: Mzee wangu, mimi ni mchonga vinyago hapa Newala. Kazi yangu ni mti, lakini watoto wangu wamenizoesha katuni. Nauliza, mchoro unaupa mzaha kitu gani ambacho waigizaji wa kweli hawawezi?

JIBU: Fundi, wewe unalijua jibu kwa mikono yako. Anayechonga kinyago cha mapiko hukuza pua au mdomo hadi mtu atambulike kabla mchezaji hajapiga hatua ya kwanza, na mcheko huanzia hapohapo. Matt Groening, aliyeibuni familia ya The Simpsons, alitaka kila mmoja wao atambulike hata kwa kivuli chake tu: nywele za Bart zimechongoka kama msumeno, za mama zimepanda juu kama mnara.

Mchoro pia huondoa gharama na maumivu. Mnamo Desemba 1990, Homer alianguka katika korongo akiwa juu ya ubao wa magurudumu wa mwanawe, akipigwa na kila mwamba njiani. Anavutwa juu, analazwa kwenye machela, anaingizwa katika gari la wagonjwa, gari linagonga mti baada ya mwendo mfupi, milango inafunguka, machela inatoka, naye anaanguka tena katika korongo lilelile. Kwa mwigizaji wa kweli tungefumba macho. Kwa mtu wa rangi na mistari tunapata nafasi ya kufurahia jinsi mambo yalivyopangwa, hasa ile dakika fupi ya usalama iliyowekwa katikati ili kutudanganya.

Nao The Flintstones, walioanza kuonyeshwa nchini Marekani mwaka 1960, walijenga kipindi kizima juu ya wazo moja la kuchorwa: vifaa vya nyumba ya kisasa viliwekwa katika zama za mawe, na vifaa vingi vikawa wanyama. Mdomo wa ndege ndio sindano ya santuri, mkonga wa tembo mdogo ndio mashine ya kufagilia, na mnyama mwenyewe wakati mwingine hugeuka akamlalamikia mtazamaji kuhusu kazi yake. Wazo hilo lilidumu kwa sehemu 166.

SWALI: Naendesha banda la kuonyesha video Nachingwea. Kwa nini katuni nyingine zina sauti za watu wanaocheka na nyingine hazina?

JIBU: The Flintstones waliongezewa vicheko vilivyorekodiwa, kwa sababu vichekesho vya televisheni vya wakati ule vilizoea kuwa navyo. The Simpsons hawakuvitumia. Kisanaa ilikuwa faida kubwa, kwani mwandishi asiyelazimika kuacha nafasi ya kicheko anaweza kupachika mzaha juu ya mzaha, na mingine akaificha nyuma ya picha bila kuitolea taarifa. Tazama utangulizi wa Bob’s Burgers, ulioanza mwaka 2011: jina la duka lililo jirani na mgahawa wa familia hubadilika kila sehemu, na ubaoni ndani ya mgahawa huandikwa jina jipya la mkate wa nyama wa siku hiyo. Wateja wako wasiosoma Kiingereza watavikosa vichekesho hivyo, isipokuwa usimamishe picha ukawasomea. Ukifanya hivyo, fanya mara chache.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, Lindi Mjini. Wanangu wanacheka sana baba anapoonyeshwa kuwa mjinga mbele ya watoto wake. Je, huku si kuwafundisha kukosa adabu?

JIBU: Mama, wasiwasi wako una wenzake wengi. Mwaka 1990 baadhi ya shule za Marekani zilipiga marufuku fulana zenye picha ya Bart. Januari 1992, Rais George Bush alitamka hadharani kwamba angependa familia za nchi yake zifanane zaidi na The Waltons, familia ya tamthilia moja iliyokuwa ikihangaika na umaskini wa miaka ya 1930, na zisifanane sana na The Simpsons. Siku chache baadaye waandishi walirusha kipande kifupi ambamo Bart anajibu kwamba wao wanafanana kabisa na The Waltons, kwa sababu nao wanaomba mdororo wa uchumi uishe. Sikutajii jibu hilo ili uige ufidhuli wake, ila kukuonyesha kwamba mzaha wao ulimlenga mwenye madaraka, na uchumi ulikuwa kweli umedorora.

Baba mjinga ni mbinu ya zamani. Ujinga wa Homer kwa kawaida humwadhibu Homer mwenyewe, na hadithi nyingi humalizika akiwa amepoteza kitu alichokitaka kwa ajili ya mke au mtoto. Mtu mzima huiona gharama hiyo. Mtoto wa miaka 6 huona tu baba aliyedharauliwa. Kwa hiyo swali lako lina haki yake kwa mtoto mdogo, na usidanganywe na rangi za kuvutia: katuni hizi hupangwa saa za jioni kwa ajili ya watu wazima na watoto waliokwisha pata akili, na nyingine, kama Family Guy, mimi nisingewawekea watoto kabisa.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Ninaishi Kilwa Masoko na ninaandika muswada wa katuni. Nimevutiwa na jinsi Family Guy wanavyokatiza hadithi ghafla ili kuonyesha kisa kingine cha sekunde chache, kisha wanarudi. Katika muswada wangu baba anangoja barafu kwa muda mrefu pale kwenye mwalo wa samaki, anasema kusubiri huku ni kama siku ile alipokuwa nahodha, na tunaona akiwa nahodha wa meli kubwa inayozama taratibu. Baadaye anaulinganisha uji wa mkewe na saruji, tunaona nyumba ya uji, kisha inafuata mikatizo mingine miwili. Rafiki yangu anasema kila kipande kinachekesha lakini hadithi haionekani. Nani mwenye haki?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Rafiki yako ana haki, na ana wenzake mashuhuri. Family Guy, iliyobuniwa na Seth MacFarlane na kuanza mwaka 1999, ilitegemea mkatizo kiasi kwamba mwaka 2006 katuni nyingine, South Park, iliidhihaki kwa kudai kwamba waandishi wake ni wanyama wa jamii ya nguva wanaookota mipira yenye maneno ndani ya tangi la maji na kuipanga hovyo. Ilikuwa dhihaka kali, na kwangu si ya haki kabisa. Watu wa Family Guy walijua kuurudia mkatizo hadi ukaota mizizi; ugomvi wa Peter, baba wa familia hiyo, na kuku mkubwa, uliotokana na kuponi ya punguzo iliyokwisha muda wake, ulianza kama kipande cha pembeni ukawa kibwagizo cha miaka mingi, kila pambano likiwa refu na lenye uharibifu mkubwa zaidi.

Trey Parker na Matt Stone, wenye South Park, walitoa ushauri mmoja kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko New York mwaka 2011, nao unakufaa. Panga matukio yako katika orodha. Ikiwa kati ya tukio na tukio panakaa neno “halafu”, una tatizo; panapaswa kukaa “kwa hiyo” au “lakini”. Jaribu na muswada wako: baba anangoja barafu, halafu tunaona meli, halafu anakunywa uji, halafu tunaona nyumba ya uji. Kila “halafu” ni mlango ambao mtazamaji anaweza kutokea asirudi.

Meli ibakize, kwa kuwa ina mbegu. Baba amejigamba kuwa aliwahi kuwa nahodha, na sisi watazamaji tumeiona ile meli ikizama, kwa hiyo tunajua jambo ambalo walio mwaloni hawalijui. Sasa mtu mmoja katika wanaongoja barafu amemsikia. Kwa hiyo jioni ujumbe unafika nyumbani: bwana harusi anahitaji nahodha wa kuivusha jahazi yenye wageni hadi Kilwa Kisiwani, kwa sababu nahodha wao ameugua. Baba anataka kukataa, lakini mkewe, ambaye hajawahi kusikia habari za unahodha huo, amekwisha kuitikia kwa niaba yake, huku akimtazama kwa jicho ambalo halijapata kumtazama tangu walipooana. Kwa hiyo anakwenda. Akiwa ameshika usukani, abiria mmoja amuulize kama ile meli yake ya zamani ilikuwa kubwa, ndipo uturudishe katika mkatizo ule kwa sekunde mbili tu, maji yakiwa yamefika shingoni mwa nahodha, kisha uturejeshe kwenye uso wa baba kabla hajajibu. Nyumba ya uji iondoe, pamoja na mikatizo miwili inayoifuata. Uji wenyewe ubaki: mke aubebe katika chupa ya chai kwa ajili ya safari, nao uzibe tundu pale jahazi itakapoanza kuvuja.